Kozi za Mteremko na Kilima cha Mwaka wa Tatu

Msimu umefika. Kila grupu la WhatsApp la mwaka wa kwanza chuo kikuu limejaa swali lile lile: "Jamani, opsheni gani mteremko?" Yaani kozi ipi ya hiari ni rahisi kufaulu. Majibu nayo hayakawii. Chukua ile, haina testi ya pili. Chukua hii, mwalimu anagawa A kama peremende. Mshauri mwenyewe ana keri mbili, kozi alizofeli na bado anazibeba, lakini ushauri anao.

Haya, mteremko. Umeuliza huo mteremko una krediti ngapi? Krediti moja ni saa 10 za kazi, lekcha, semina na kujisomea humo humo. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120. Na GPA, wastani wa alama zako, huzidishwa kwa krediti, haihesabu vichwa vya kozi. Kwa mizani ya A pointi 5 na C pointi 2, chukua kozi mbili tu: C kwenye kozi ya krediti 12 na A kwenye mteremko wa krediti 8. Unapata 64 kugawa kwa 20, yaani 3.2. Geuza, A iende kwenye ile ya 12: 76 kwa 20, yaani 3.8. Herufi zile zile, ila ya kwanza ni daraja la pili la chini na nyingine ni la juu. Halafu mtu anatumia wiki mbili kuwinda opsheni nyepesi, kozi ya lazima hajui hata inafundishwa ukumbi gani! Opsheni ukiifeli, vyuo vingi hukuruhusu kuibadilisha. Ya lazima ni sapu, mtihani wa marudio, na sapu ikikushinda unaikeri mpaka uifaulu.

Wadogo zangu, prospektasi, kile kitabu cha programu na kozi za chuo, isomeni kuanzia nyuma. Fungua programu yako, nenda mwaka wa tatu, andika kozi mbili tatu zilizokufanya uombe programu hiyo. Angalia kila moja inadai kozi gani tangulizi, kisha shuka nazo hadi mwaka wa kwanza. Anayesoma uchumi na kuitaka ekonometriki atakuta njia inapita kwenye takwimu na hesabu, zile zile alizozikwepa kwa kuwa hesabu aliiaga kidato cha nne. Mfumo wa usajili hauna huruma, unakataa kusajili basi. Kozi nyingi hutolewa muhula mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo ukiikosa Novemba, ngoja Novemba nyingine. Na boom, hela ya kujikimu ya mkopo, haikungoji.

Wa ualimu ndio kabisa. Una masomo mawili ya kufundishia, opsheni unaziokota kwenye somo la tatu kwa sababu rafiki yako yuko huko. Utafundisha urafiki?

Kozi ya DS, yaani masomo ya maendeleo, nayo mnailalamikia, hasa wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nakubali, shingo upande: ukumbi umefurika na wa nyuma hasikii kitu. Lakini alama zake zinaingia kwenye GPA kama za kozi nyingine yoyote, kwa hiyo nendeni semina.

Ukishachagua, jisajili mwenyewe kwenye mfumo, usimtume mwenzako wa chumbani. Hakiki msimbo wa kozi tarakimu kwa tarakimu, 101 na 102 si ndugu. Weka ratiba ya lekcha na ya semina pamoja uone kama zinagongana, maana wengi hutazama lekcha tu. Kubadilisha kozi kuna dirisha la wiki chache, likifungwa limefungwa. Chapisha fomu ya usajili uitunze. Na coursework, alama za kazi za muhula, ikibandikwa kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, tafuta namba yako. Ukiikosa, nenda idarani siku hiyo hiyo na fomu yako mkononi, kwa sababu baada ya UE utaambiwa umefanya mtihani wa kozi ambayo hukusajiliwa, na anayekuambia hivyo atakuwa ameshamwita anayefuata kwenye foleni.