Kichwa cha treni kilichokatiwa waya

Mazungumzo ya kurudisha treni ya zamani ya Bububu hayajawahi kwisha Unguja. Hulala tu, kisha huamka. Safari hii yaliamshwa na kijana wa Malindi ya hapa mjini aliyekwenda Dodoma kwa treni ya umeme ya bara, ile iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024. Alikaa barazani akatusimulia jinsi ilivyoondoka stesheni Dar es Salaam: hakusikia mngurumo, alijua tu kwamba wanakwenda alipoona nguzo za nje zinarudi nyuma. Kisha akatoa hoja yake. Tutandaze reli fupi kutoka Forodhani hadi Bububu, tununue kichwa cha zamani cha treni ya umeme huko Ulaya, tukipake rangi, watalii wapande. Mzee mmoja aliyekuwa akimenya chungwa pembeni akamwambia, "Mwanangu, hata ile yetu hatukuiweka. Tutaweka ya watu?"

Baraza likahamia kwenye mambo mengine, lakini mimi maneno yale yalinibaki. Ndani ya swali la mzee kuna ubishi wote walionao watu wanaohifadhi mashine kongwe popote duniani, na ubishi huo huwa mgumu zaidi mashine yenyewe ikiwa ya umeme.

Tuanze na hiyo yetu. Reli ya kwanza Unguja aliitandaza Sayyid Barghash bin Said mwaka 1879, maili 7 kutoka mjini hadi kwenye kasri lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 kikaletwa kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 reli ikafa naye; njia ikang'olewa, kichwa kikawa chakavu. Ya pili ndiyo hii ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney na kufunguliwa mwaka 1905. Nayo ilikuwa ya maili 7 hivi. Ilianzia pale Ngome Kongwe, ikajipenyeza Malindi katikati ya nyumba za watu, ikatoka mjini kuelekea kaskazini. Serikali iliinunua mwaka 1911. Mwaka 1922 ilikoma kuchukua abiria, barabara na magari yakiwa yameshainyang'anya kazi, ikabaki kwa miaka michache kubeba mawe ya ujenzi wa bandari. Kisha nayo ikang'olewa. Tulichobakiwa nacho ni picha za kadi za posta, na wenyeji wanaokwambia jina la Bububu limetokana na mlio wa treni, huku wenzao wakishikilia kwamba ni mlio wa maji ya chemchemi.

Mwaka ule ule wa 1879, nyumbu wakivuta mabehewa kuelekea Chukwani, Werner von Siemens alikuwa Berlin akiwaonyesha watu treni ya kwanza ya abiria inayovutwa kwa nguvu ya umeme. Kichwa chake kilikuwa kidogo hata dereva alikikalia kwa juu kama mtu aliyekalia sanduku. Kilivuta vibehewa 3 kwenye njia ya duara ya mita 300, kasi yake haizidi kilomita 13 kwa saa, na ndani ya miezi 4 ya maonesho walikipanda watu zaidi ya 80,000. Kichwa hicho kipo hadi leo kwenye makumbusho ya Deutsches Museum mjini Munich. Cha Barghash, kilichotengenezwa miaka miwili baadaye, hakuna anayeweza kukuonyesha hata msumari wake.

Tusidhani kwamba umeme uliingia kwenye reli kwa ajili ya fahari. Ulikuja kuufukuza moshi. London ilipochimba handaki la reli refu kwenda chini na kulifungua mwaka 1890, haikuwezekana kupitisha makaa humo, basi vikaundwa vichwa vidogo vya umeme. Kimoja kimewekwa kwenye makumbusho ya usafiri ya London. New York ilijifunza kwa msiba. Januari 1902 treni mbili ziligongana ndani ya handaki lililojaa moshi na mvuke hadi dereva hakuiona ishara, wakafa watu 15, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku vichwa vya mvuke kisiwani Manhattan kuanzia 1908. Uswisi ilisukumwa na uhaba wa makaa ya mawe wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Makaa haina, lakini maporomoko ya maji inayo. Na Bombay, ambayo leo ni Mumbai, mji ambao Unguja iliujua kwa majahazi karne nyingi kabla ya kujua reli, ilianza treni za umeme Februari 3, 1925.

Sasa tuingie kwenye ubishi wenyewe. Kuna wanaosema mashine isiyotembea ni maiti iliyooshwa vizuri. Ushahidi wao mkubwa ni mamba wa Uswisi. Hivyo ndivyo watu walivyoviita vichwa vya aina ya Ce 6/8 II vilivyoanza kutoka kiwandani mwaka 1919 kwa ajili ya milima ya Gotthard: pua ndefu mbele, pua ndefu nyuma, na kiwiliwili kinachojikunja katikati kwenye kona. Mamba wachache wamehifadhiwa, na baadhi yao bado hutolewa bandani kuvuta treni za maadhimisho. Wenye kuvitunza wanasema fundi kijana hujifunza mambo kwa mamba anayetembea ambayo hawezi kuyapata kwa aliyelala: joto la mota baada ya mlima, harufu ya mafuta yanapoanza kuchoka, mlio wa gia unapobadilika. Hoja hii naiheshimu sana. Brighton, Uingereza, ipo reli ndogo ya umeme ya ufukweni iliyofunguliwa na Magnus Volk mwaka 1883, na hadi leo watu wanaipanda. Miaka zaidi ya 140 imetunzwa kwa kutumika.

Lakini tazama kwa nini mamba anaweza kutembea. Kichwa cha mvuke hubeba moto wake mwenyewe. Mpe maji, mpe kuni au makaa, mpe reli, atakwenda popote. Kichwa cha umeme hakina nguvu yake. Nguvu inashuka kutoka kwenye waya ulio juu, kupitia ule mkono unaokunjika uliopo juu ya paa, inaingia ndani na kugawiwa kwenye mota. Ukibadilisha waya, umekiua hata kama kila nati iko mahali pake. Uswisi hadi leo inatumia umeme wa namna ile ile iliyoichagua karne iliyopita, volti 15,000, basi mamba akiamka anakikuta chakula chake cha siku zote. Mumbai sivyo. Reli zake ziliendeshwa kwa volti 1,500 za mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, hadi zilipohamishiwa volti 25,000 za mkondo geu, unaokwenda na kurudi, kazi iliyokamilika mwaka 2016. Kile kichwa cha kale cha milima ya Ghats ambacho Wahindi walikiita kaa, yule wa baharini, kimo kwenye makumbusho ya taifa ya reli New Delhi. Hata ukikirudisha kwao Mumbai kikiwa kizima, waya uliopo leo utakiunguza.

Halafu kuna kisa cha Marekani, ambacho ndicho kilichonigeuza mawazo. Kampuni ya reli ya Pennsylvania iliunda vichwa 139 vya aina ya GG1 kati ya 1934 na 1943, na umbo lake lilinyooshwa na msanifu Raymond Loewy hata leo ukikitazama huwezi kudhani kina umri huo. Vilifanya kazi hadi 1983. Vimehifadhiwa 16 na hakuna hata kimoja kinachotembea. Mafuta ya kupoza transfoma zake yalikuwa na kemikali za PCB, sumu inayokaa mwilini na ardhini kwa miaka mingi, basi mafuta hayo ilibidi yaondolewe. Chasisi nazo zilikuwa zimeanza kupata nyufa. Watu wanaovipenda vichwa hivyo kuliko chochote wamekubali vikae kimya. Siwezi kuwaambia kwamba wamehifadhi maiti. Wamechagua afya ya mafundi wao, na mtoto anayepita chini ya ubavu ule wa chuma bado anaelewa ukubwa wa kazi iliyofanywa.

Kuna hatari nyingine ambayo wanaoandika habari hizi huipita haraka, nami nimeijua hapa hapa nyumbani. Mwanakwerekwe nina fundi wangu wa kuwaindi mota, yaani kuzizungushia upya waya za ndani. Siku moja nilimpelekea mota ya pampu ya kisima iliyoungua. Akaifungua, akanionyesha koili zilizogeuka nyeusi, zinanuka kama sukari iliyoungulia sufuriani. "Hii shaba unaiona?" akaniambia. "Ningekuwa mvivu ningeiuza kwa kilo, nikakwambia imekufa." Wanunuzi wa chakavu wanapita na mikokoteni yao kila asubuhi, na shaba ndiyo wanayoiulizia mwanzo. Zidisha mota ile ya pampu mara mamia, upate mota za kichwa cha treni, uongeze na transfoma. Kichwa cha mvuke kikistaafu kinakuwa tani za chuma, na chuma hakina bei ya kumtoa mtu roho. Cha umeme kinakuwa tani za shaba. Ndiyo maana nasema mwaka wa kwanza baada ya kuachishwa kazi ndio wa hatari kuliko yote, na uamuzi wa kukiweka ukingoja watu wakikumbuke kwa huzuni, utakikuta kimeshachanwa.

Nirudi kwa kijana wetu na treni yake ya watalii. Upo upande wake wenye nguvu: mji unaoishi kwa wageni haukosei kufikiria wageni, na mtoto wa Bububu ana haki ya kujua kwamba palipita reli mlangoni kwao. Lakini kichwa cha umeme kutoka Ulaya kitakuja bila waya wake. Tutalazimika kujenga njia, nguzo, waya na kituo cha kubadilishia umeme, vyote kwa ajili ya mashine ambayo haikuwahi kuifanyia Unguja kazi hata siku moja. Na sisi Wazanzibari habari ya waya kukatika hatuhitaji kusimuliwa. Umeme wetu unatoka bara kwa nyaya zilizolala chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani. Tulijua wakati ule friji, pampu na mashine ya kusaga ni nini pale kinachozilisha kinaponyamaza.

Wapo pia wanaosema tusiguse habari za treni kabisa, fedha yoyote ya urithi iende kwenye nyumba. Beit al Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883 lililokuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020. Wanauliza, mtu ambaye paa la nyumba yake linavuja ananunua vipi gari la maonesho? Kwenye fedha nakubaliana nao bila kusita. Ninapoachana nao ni pale wanapodhani kuhifadhi ni kununua chuma tu.

Kwa maoni yangu Zanzibar iache kichwa cha kununua, ichukue kile ambacho ni chetu na hakigharimu sana. Picha za treni ya Bububu zikusanywe pamoja na zilizopo kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, njia ilikopita ichorwe kwenye ramani ya mji wa leo, na pale Ngome Kongwe uwekwe ubao wa kumwambia mpita njia kwamba amesimama stesheni. Wazee waliosimuliwa na wazazi wao waliopanda treni ile warekodiwe mwaka huu, si mwakani. Hawa hawana makumbusho ya kuwatunza.

Na bara, ambako sasa vipo vichwa vipya vya umeme vinavyokimbia hadi kilomita 160 kwa saa, uhifadhi ungeanza sasa hivi vikiwa vinang'ara. Simaanishi kimoja kiegeshwe. Michoro ya nyaya iwekwe nakala mbili mahali pawili. Kifaa cha kwanza kitakachoungua na kubadilishwa kisiende kwenye mkokoteni, kiwekwe kabatini na karatasi ya kueleza kiliungua kwa nini. Madereva wa kwanza, vijana waliotoka kwenye injini za dizeli wakajifunza upya, waandike walichokiogopa siku ya mwanzo. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu 1971 na vichwa vya mvuke vya kutazama, lakini Kenya, Uganda na Tanzania hazikuwa na treni za umeme za kuweka. Kwa mara ya kwanza tunazo, na hakuna mwenye kisingizio cha kuzikuta zimeshapotea.

Wiki iliyopita nilikwenda kuichukua mota yangu. Kabla ya kuing'oa shaba iliyoungua, fundi alikuwa ameshahesabu mizunguko ya kila koili, akapima unene wa waya, akaandika yote kwenye daftari la shule lenye madoa ya vanishi. Nikaomba nilitazame. Kurasa za mwanzo zimeandikwa na marehemu baba yake kwa wino wa buluu: mota za mashine za kukamulia mafuta ya nazi, za kusagia barafu, za feni kubwa za dari, kila moja na idadi yake ya mizunguko. Nikamuuliza ngapi kati ya hizo bado zipo. Akafunua kurasa kadhaa, akatikisa kichwa. Nikamwomba nizipige picha kwa simu. "Piga," akasema, "lakini daftari halitoki humu ndani."