Tunasafiri sana, ila tunalala kwa shangazi

Jirani yangu hapa Hamburg, mzee wa miaka sabini na kitu, alikwenda München kumwona mwanawe aliyepata mtoto. Aliporudi nikamuuliza mjukuu hajambo. Hajambo, akasema, na hoteli nayo ilikuwa nzuri. Hoteli? Mwanao ana nyumba, wewe ukalale hotelini? Akanitazama kama mimi ndiye niliyesema la ajabu. "Wana mtoto mchanga," akasema, "kwa nini niwasumbue?" Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Waligombana lini?"

Kwetu ukilala gesti kwenye mji wenye ndugu yako, umetangaza ugomvi. Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa kutalii nchini mwetu. Tangu ile filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022, ya Rais Samia kuitangaza nchi kwa watalii, wimbo huu umezidi: wageni wanamiminika, wenyeji wamekaa tu. Wamekaa wapi? Nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi tarehe 20 Desemba uone kama kuna aliyekaa. Wachaga wanapanda Moshi na Rombo kuhesabiwa, kama tunavyowatania, wengine wako njiani kwenda Bukoba, Mbeya, Songea, na mabegi yao na kuku wao. Hapo sijataja harusi, arobaini na mahafali. Nchi nzima inasafiri. Ila ikifika inakoenda inalala kwenye godoro sebuleni, watoto mzungu wa nne, na anayelala kwa shangazi hajazi fomu wala hapewi risiti. Nani atamhesabu?

Wajerumani wamelipanga jambo hili kwa namna iliyonichukua miaka kuielewa. Likizo za shule zinapishana kati ya majimbo yao 16, ili wasijazane barabarani wiki moja. Halafu vipo vitanda vya kila mfuko. Mwaka 1909 mwalimu mmoja, Richard Schirrmann, alikuwa matembezini na wanafunzi wake, mvua ya radi ikawakuta, wakaishia kulala kwenye nyasi kavu ndani ya shule ya kijiji. Akajiuliza kwa nini kusiwe na mahali pa kuwalaza vijana namna hii nchi nzima. Leo, Ujerumani peke yake, hosteli zilizotokana na wazo hilo ni kama 400. Tulilala moja karibu na bahari ya Baltiki: chumba cha vitanda vinne vya dabodeka, mashuka tukatandika wenyewe, vyombo tukarudisha wenyewe, asubuhi mkate na jibini. Si anasa hata kidogo. Mke wangu, Msambaa wa Lushoto, alisema panafanana na bweni lake la sekondari. Lakini familia nzima ilikuwa chumba kimoja, na hakuna aliyetuuliza maswali.

Kuna pia nyumba za likizo, yaani mtu anakupangisha vyumba viwili na jiko kwa wiki. Unapika wali wako, unalala. Sijasema kwao ni peponi. Ufukweni unatozwa kodi ya kila usiku kwa sababu tu umelala pale, na upepo wa Baltiki mwezi wa saba ungemfanya mtu wa Tanga alie.

Sasa njoo nyumbani. Mwaka juzi nilikuja na mke na watoto wawili, nikamchukua na mama, tukakodi Noah kwenda hifadhi ya Mikumi. Kiingilio hakikuwa shida. Mtanzania mtu mzima analipa shilingi 5,000 kabla ya kodi, na Serengeti kwenyewe ni 10,000. Bei ya soda chache. Kwa hiyo kila anayesema hifadhi ni ghali kwa mwananchi, mwambie alitazame geti vizuri. Shida ni giza likiingia. Lodge za ndani zilikuwa zinahesabu kwa dola, kwa kichwa, kwa usiku. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wenyewe wana mabanda na hosteli katika baadhi ya hifadhi, na ni jambo jema, ila hatukuwa tumeweka nafasi mapema. Zikabaki gesti za mjini.

Mhudumu alitutazama, akatuhesabu, akasema: "Chumba watu wawili. Hawa watoto mtawaweka wapi?" Nikasema tulale nao. Haiwezekani. Basi tuchukue vitatu. Watoto wa miaka sita na tisa walale peke yao? Mwisho tukagawana: mama na mjukuu wa kike, mimi na wa kiume, mke wangu peke yake kama mfanyabiashara wa vitenge. Kitabu cha wageni kina safu ya jina, kabila, utokako, uendako. Mwanangu, mzaliwa wa Hamburg, akauliza mbele ya kaunta: "Baba, sisi kabila gani?" Mhudumu akacheka hadi akaweka kalamu chini.

Chumba kilikuwa self kontena, kitanda futi sita kwa sita, neti, taulo moja, kandambili jozi moja, kipande cha sabuni kama kete ya bao. Baa iko chini ya dirisha. Saa nane usiku mtu aligonga mlango wa mama akimtaka Zuhura. Asubuhi mama alikuwa ameshavaa kitenge chake, begi mkononi. "Kwani wifi yangu amehama Morogoro?" aliniuliza. "Angenipa hata mkeka."

Siilaumu ile gesti. Imejengwa kwa ajili ya dereva, mkaguzi, mchuuzi na wapenzi, na hao inawahudumia vizuri kabisa. Hakuna aliyewaza kwamba mtu atakuja na mama yake na watoto, si kwa harusi wala kwa msiba, bali kutazama tembo. Kati ya futi sita kwa sita na lodge za ndani karibu hakuna kitu, na hapo katikati ndipo alipo mwalimu, nesi na fundi mwenye duka lake.

Wakati wa kurudi tulipita kwa shangazi Morogoro, maana mama alikataa kata kata kuzunguka mji. Tulichambwa. Mmepita hapa, mkaenda kulala gesti! Nani amewafukuza? Huku akisema, sufuria tatu ziko motoni. Baadaye nikiwa namsaidia kumenya ndizi alishusha sauti: "Tembo mmewaona?"

Shangazi amekaa Morogoro zaidi ya miaka thelathini. Mikumi ni mwendo wa saa mbili hivi. Barabara kuu ya Iringa inakatisha ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na yeye ameiona hivyo tu: dirisha la basi, abiria wote wamehamia upande mmoja, twiga sekunde kumi, yeye akiwa njiani kwenda msibani. Hajawahi kuingia. Desemba zote hizo, watu kumi na nne sebuleni, nani angeenda kutalii na nani angebaki na mchele? Tunasema kulala kwa ndugu ni bure. Kwa nani?

"Safari nyingine mkinipigia," alisema, "msiniambie nipike. Niambieni nivae viatu."

Tangu hapo natafuta Mikumi nyumba ya vyumba vitatu yenye jiko, ya siku nne. Dalali wa kwanza niliyempigia aliniuliza: harusi au msiba?