Maziwa ya Finland hayakuchimbwa tu, yalizuiwa

Nimechoka na maelezo yale yale: barafu iliyofunika nchi zama za barafu ilichimba mashimo, ikayeyuka, maji yakajaa, basi. Finland ina maziwa 187,888 ukihesabu hata yenye mita za mraba 500, na wastani wa kina chake ni mita 7 hivi. Barafu yenye unene wa kilomita 2 na zaidi ndiyo ikaishia kuchimba mita 7?

Kuchimba ilichimba, sikatai. Pitisha mkono juu ya mwamba wa ufukweni: upande wa kaskazini-magharibi, barafu ilikotokea, ni laini na una michirizi. Upande wa pili umevunjikavunjika, maana huko barafu iliganda kwenye nyufa ikang'oa vipande.

Lakini Saimaa, ziwa kubwa kuliko yote nchini humo, huwezi kulielewa bila Salpausselkä, matuta ya mchanga na kokoto ya kusini mwa nchi. Yapata miaka 12,000 iliyopita baridi kali ilirudi, na ukingo wa barafu ukasita karibu pale pale kwa mamia ya miaka. Maji yaliyotoka chini yake yakamwaga mchanga na kokoto hapo hapo, hadi yakasimama matuta yenye urefu wa mamia ya kilomita. Miji ya Lahti na Lappeenranta imejengwa juu yake. Tuta hilo ndilo linaloyazuia maji ya Saimaa, mita 76 juu ya usawa wa bahari.

Kisha ardhi, ikiwa imetuliwa mzigo wa barafu, ikaanza kuinuka, na bado inainuka: karibu na Vaasa, kwenye pwani ya magharibi, ni kama milimita 9 kwa mwaka. Kwa kuwa kaskazini-magharibi huinuka haraka zaidi, ziwa liliinama kama sinia iliyonyanyuliwa upande mmoja. Maji yakarundikana kusini-mashariki, na takriban miaka 6,000 iliyopita yakalipasua tuta pale Imatra. Ndipo ulipozaliwa mto Vuoksi, unaomwaga maji katika ziwa Ladoga, Urusi. Walio kandokando ya Ziwa Victoria wana mfano wao: ardhi ya magharibi ilipoinuka, mito ya Kagera na Katonga iligeuza mkondo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba asiyejua habari za matuta huyaona kuwa kokoto ya kuuza tu. Mchanga huo ndio unaochuja mvua na kuhifadhi maji ya chini yanayonywewa mijini. Ukiuchimba hadi karibu na maji hayo, umeondoa chujio. Mafuta ya mashine na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu hushuka moja kwa moja kisimani.