Simu ya usiku wa manane si hospitali, na haikukusudiwa kuwa hospitali

Habari za mtu kujiua zikitangazwa Kenya, taarifa za rambirambi huishia pale pale: ukilemewa, usikae kimya, piga namba hii. Na watu wengi hukasirika. Wanauliza namba ya simu itamfaa nini kijana aliyeachishwa kazi, anayeandamwa na wadai wa mikopo ya simu, na ambaye kituo cha afya cha karibu hakina hata mshauri nasaha mmoja. Hasira hiyo ina msingi. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliitaka serikali itangaze maradhi ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Kutangaza namba ni rahisi kuliko kujenga wodi na kuajiri wauguzi, na wananchi wana haki ya kushuku chochote ambacho serikali inakipata kwa bei rahisi.

Lakini lawama hii inaipima simu kwa kipimo cha zahanati. Simu haitibu sonona, hailipi deni na haimrudishi mtu kazini. Kazi yake ni ndogo zaidi na ya haraka zaidi: kumvusha mtu saa ile ambayo akili imefunga milango yote, mpaka kuche. Anayejua jinsi mawazo haya yanavyokuja kwa mawimbi, yakapanda na kushuka, anajua kwamba kuvushwa saa moja si jambo dogo.

Huduma hii ilianza London mwaka 1953, pale kasisi Chad Varah wa kanisa la St Stephen Walbrook alipotangaza namba ya simu kwa yeyote anayefikiria kujiua. Alidhani mshauri angekuwa yeye. Watu wakaja kwa wingi, wakawa wanasubiri zamu, na waumini waliojitolea wakawa wanawapa chai na kukaa nao. Baada ya muda Varah aliona jambo ambalo hakulitarajia: wengi, wakishazungumza na yule aliyewaletea chai, hawakuwa tena na haja ya kumwona yeye. Mwaka 1954 aliwakabidhi simu wale wa kujitolea. Hivyo ndivyo Samaritans walivyozaliwa, na kutoka kwao ukakua mtandao wa Befrienders ambao Kenya pia imo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba anayepokea simu "si daktari" anataja kasoro ambayo kwa kweli ndiyo iliyokuwa siri ya huduma yenyewe. Mtu aliyezidiwa mara nyingi hatafuti mtaalamu wa kumfasiria maisha yake. Anatafuta mtu asiyeshtuka.

Nyumbani kwetu hali ilivyo tunaijua. Ukisema umechoka kuishi, utaambiwa jikaze, utaambiwa wenzako wana makubwa kuliko yako, au utaletewa mtu wa kukuombea kabla hujamaliza sentensi. Wanaosema hivyo wanakupenda, lakini maneno yao yanakufunga mdomo. Msikilizaji aliyefunzwa hafanyi hivyo. Kimya cha mwanzo anakiacha kipite, kwa sababu wapo wanaopiga na kulia tu, na wapo wanaokata mara mbili kabla ya kusema neno. Anataja anachokisikia: unaonekana umebeba haya peke yako muda mrefu. Kisha anauliza waziwazi, bila kuzungukazunguka: unafikiria kujiua? Wengi tunaogopa swali hilo tukidhani litapanda wazo ambalo halikuwepo. Tafiti zilizolichunguza hazijaona hivyo. Kwa aliyekuwa amelificha, kuulizwa ni nafuu, maana hatimaye kuna mtu anayeweza kulisikia. Baada ya hapo mazungumzo yanashuka kwenye mambo ya usiku ule ule: nani yuko nyumbani, nani anaweza kuamshwa, kitu gani cha hatari kiondolewe karibu, kesho asubuhi utamwona nani.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na sivyo ilivyo kila mara. Mwaka 2007 Brian Mishara na wenzake walichapisha utafiti kutoka vituo 14 vya Marekani, ambako simu zilisikilizwa bila wahudumu kujua ni simu ipi. Katika simu 1,431 za watu waliokuwa kwenye dhiki, wahudumu hawakuuliza kabisa kuhusu mawazo ya kujiua katika simu 723. Zaidi ya nusu! Takwimu hii inauma kuliko lawama zote za mitandaoni, kwa sababu inamhusu mtu aliyeshapata ujasiri wa kupiga, akapokelewa, na bado lililomleta halikuguswa. Hata hivyo ninavyoisoma mimi, utafiti ule hauhukumu wazo la kusikilizana kwa simu. Unahukumu mafunzo duni na kukosekana kwa msimamizi anayesikiliza kazi ya wenzake na kuwarekebisha.

Upande wa pili kuna takwimu ambayo kwangu ina uzito mkubwa kuliko zote. Mwaka 2018 Madelyn Gould wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 550 waliowahi kupiga simu za msaada wakiwa na mawazo ya kujiua, na ambao vituo viliwapigia tena siku zilizofuata kuwajulia hali. Asilimia 79.6 walisema kule kupigiwa kuliwazuia, kwa kiasi fulani au kwa kiasi kikubwa, wasijiue. Mwenye shaka atasema hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwamba waliohojiwa ni wale waliokubali kuhojiwa, na kwamba binadamu husifu aliyemtendea wema. Yote ni kweli. Sasa punguza. Ikate takwimu hiyo nusu kwa ajili ya shaka zote hizo, na bado utabaki na karibu watu wawili katika kila watano wanaosema wako hai kwa sehemu kwa sababu mtu aliwakumbuka. Na kilichopimwa hapo ni simu ya pili, ile ambayo kituo ndicho kilichopiga. Mtu aliyeamini kwamba yeye ni mzigo kwa wenzake anaona simu inaita, na sauti inamuuliza amelalaje. Mabishano yetu yote yanahusu namba ya kupiga. Hakuna anayeuliza nani anapiga kurudi.

Historia nayo inataka tahadhari. Vifo vya kujiua vilipopungua Uingereza miaka ya 1960, utafiti wa mwaka 1968 uliwapa sifa Samaritans, kwa kuwa miji yenye matawi yao ilikuwa inafanya vizuri zaidi. Mwaka 1978 watafiti wengine walirudia kazi hiyo kwa ulinganisho bora, na tofauti ikatoweka. Sehemu kubwa ya upungufu ilielezwa na mabadiliko ya gesi ya majumbani, ambayo haikuwa na sumu kama zamani. Yeyote anayeahidi kwamba simu peke yake itashusha takwimu za taifa, na Kenya ilijiwekea lengo la kuzipunguza kwa asilimia 10 ifikapo 2026, anaitwika mzigo usio wake.

Kwetu kuna kikwazo kingine ambacho wakosoaji hukigusa kwa mbali tu, nacho ni sheria. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Hebu fikiria hali ya mtu aliyetaka kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, namba isiyotoza hata senti, huku akijua kwamba alichotaka kukiungama kingeweza kumfikisha kizimbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa sheria ndiyo iliyomfundisha kuficha. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinambagua mtu kwa sababu ya afya yake na kumvunjia utu. Kwa huduma za simu, hukumu ile ina thamani kuliko matangazo ya mwaka mzima. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinaliita jaribio hilo kosa, na sioni namna ya kumhimiza Mtanzania aseme ukweli kwa mgeni kwenye simu wakati kifungu hicho kingali kwenye vitabu.

Kwa hiyo wanaodai wodi na madaktari waendelee kudai, na nitadai nao. Lakini kwa simu hizi madai yetu yawe ya kina zaidi ya "hazisaidii". Kila kituo kinachopata fedha za umma au za wafadhili kitangaze kila mwaka simu ngapi ziliita bila kupokelewa, wahudumu wangapi wanasikilizwa na wasimamizi wao, na kati ya waliosema wanafikiria kujiua na wakakubali kupigiwa, wangapi walipigiwa kesho yake.