Nani kasema kulala chomboni ni mambo ya wazungu?

Juzi baada ya alasiri nilikua nimekaa pale gatini Lamu, ikapita yoti moja nyeupe inaingia taratibu kutoka Shela, matanga yameshushwa, nguo zimeanikwa kwenye kamba za mlingoti, taulo, shati la mtoto, na kule tezini, nyuma ya chombo, kuna mama kakaa anamenya viazi. Kijana mmoja ubavuni mwangu, mtoto wa hapa hapa Mkomani, babake na babu yake wote mabaharia nawajua vizuri, akaniambia, "Waona kaka, wazungu wana pesa bwana, mpaka wanahama nyumba wanaishi baharini." Nikamuuliza, je wewe babu yako miezi ya kaskazi alikua analala wapi? Akanyamaza. Hakua anajua. Na hilo ndo lililonikalisha kuandika haya, manake limeniuma kweli.

Mimi nimeishi chomboni mara mbili. Ya kwanza ilikua kaskazi, msimu wa ule upepo wa kaskazini mashariki, ya mwaka 1994, nina miaka kumi na sita, ami yangu alikua na mashua ya futi kama thelathini na tano, tunapakia boriti na makuti vijijini huko visiwani tunashusha Lamu, mara nyengine tunateremka mpaka Malindi. Wiki sita sikuona kitanda. Ya pili ni 2023, mzee mmoja Mfaransa na mkewe walikuja na yoti yao, wametoka Madagaska wakapandia Komoro na Pemba kwa upepo wa kusi, wakataka mtu wa hapa awapitishe njia za ndani za visiwa vyetu, nikakaa nao wiki tisa, rubani mimi na jikoni mimi. Bas nikilinganisha zile mbili, nakwambia kwa yakini, ni maisha yale yale. Vifaa ndo tofauti.

Tuanze na maji, manake hapo ndo watu wengi hawafikirii. Zile video za YouTube utaona jua linazama, dada kajilaza omoni, mbele ya chombo, na kikombe mkononi, hakuna anaekuonyesha mtungi. Kwenye chombo maji ya kunywa ndo yanaamua uende wapi na urudi lini. Ami alikua na mapipa mawili na mitungi minne, na kata moja ya kifuu cha nazi inaning'inia kwenye mlingoti, na hakuna aliyeigusa yeye asijue. Unaoga bahari, ukimaliza unajisuza kwa kata mbili, moja ya kichwa moja ya mwili. Vyombo vinasuguliwa kwa mchanga na maji ya bahari. Wali nao ulikua unatiwa maji ya bahari kidogo, chumvi hatukununua safari nzima. Siku za mwisho wa safari tulikua tunakula mkate wa mofa na ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na ng'onda lazima aroweshwe apunguze chumvi, sasa hapo ami akawa anapima maji ya kumrowesha kama mtu anaepima dawa.

Yule Mfaransa yeye alikua na mashine ya kutoa chumvi, inasukuma maji ya bahari kwa presha kubwa sana yanapita kwenye utando mwembamba, maji matamu yanatoka upande huu na chumvi inarudi baharini, inaendeshwa na sola. Mkewe alikua anaoga maji matamu kila jioni, nami sikusema kitu, ni chombo chao. Wiki ya nne tuko karibu na kisiwa cha Ndau, maji ya kule yana tope la mikoko, vichujio vikaziba, pampu ikalia ikanyamaza. Tangini zimebaki kama lita sitini, watu watatu. Yule mama akaniuliza kwa sauti ndogo, nyinyi watu wa huku mnafanyaje? Nilichukua nazi ya mchuzi wa siku ile, kifuu nikakisafisha kwa kisu mpaka kikawa laini, nikakitia kijiti cha mkoko kua mkono wake, nikamwambia mama hii ndo mashine yetu. Tulikaa siku nane na zile lita sitini mpaka tulipojaza mitungi Faza. Alafu vichujio vipya vikaja, mashine ikafanya kazi tena, na ile kata yule mama akaiacha ining'inie pale pale, na shawa ya kila jioni akaiacha yeye mwenyewe. Nilimheshimu sana kwa hilo.

(Na kwa vile tumetaja maji, wenzangu wa Lamu kumbukeni kwamba mji wetu unakunywa mvua inayofyonzwa na ile milima ya mchanga ya Shela. Kila nikisikia mtu anataka kujenga juu yake moyo unanienda mbio. Kisiwa ni chombo tu, kikubwa kidogo.)

Sasa nanga. Mtu ambae hajalala baharini anadhani ukishatia nanga umemaliza kazi. Wallahi ndo kazi inaanza. Huku kwetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapanda na kushuka kama mita tatu, kwaivo mahali ulipotia nanga pana mita tatu maji yakiwa makavu, yakijaa ni sita, na mnyororo uliouachia ukaona unatosha sasa haulali chini tena, unavuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza. Wale wenye yoti wana hesabu yao, mnyororo mara tano ya kina na kamba mara saba, na kina unapima cha maji yakijaa sio cha saa ile uliyofika. Ami hakua na namba hizo lakini alikua anaachia kamba mpaka sisi vijana tunaona ni nyingi kupita kiasi, na akilala anashusha bildi. Kwa wasioijua, bildi ni lile risasi zito la kupimia kina, linafungwa kwenye kamba ndefu. Ami alikua anaishusha mpaka inagusa chini, anaacha kamba ina ulegevu kidogo, na ile ncha anajifunga kidole gumba cha mguu. Analala hivo. Chombo kikianza kuburura nanga, bildi inabaki pale pale chini, kamba inakaza, kidole kinavutwa, mzee anaamka. Nilimuona akiamka hivo mara mbili, mara zote mbili ilikua kweli.

Yule Mfaransa alikua na kengele kwenye simu, unaweka alama mahali ulipotia nanga na ukitoka nje ya duara inapiga kelele. Kitu kizuri, sikatai, hata mimi ninayo saa hii. Ila usiku mmoja kule Manda Toto, saa nane hivi, kaskazi imezidi, simu iko ndani inachajiwa na sauti imezimwa kwa bahati mbaya. Mimi nilikua nalala nje juu ya sitaha na kwa ile tabia ya ujana wangu nilikua nimeshusha risasi la kuvulia kwa mshipi, nimejifunga mguuni kama ami. Mshipi ukakaza. Nikadhani samaki. Nikauvuta, hauji kama samaki, unaenda tu pole pole bila kutetemeka, na hapo nikajua ni sisi tunaoenda. Nikapiga ukuta wa chumba chao kwa ngumi. Tulipowasha mashine mwamba ulikua nyuma yetu kama urefu wa yoti mbili hivi, nasikia maji yanavyonyonya mawe. Mzee yule tulipokwishahama tukatia nanga upya akakaa muda mrefu na ule mshipi mkononi anautizama. Asubuhi akaniomba nimuonyeshe fundo.

Pepo nazo ni vile vile. Watu wanaozunguka Bahari ya Hindi kwa matanga wanafuata kalenda ile ile waliyofuata majahazi ya Waarabu na ya kwetu, kusi inakupandisha, kaskazi inakuteremsha, na maleleji yake katikati, upepo haujui unataka nini, unatulia bandarini unarekebisha chombo. Yule Mfaransa alikuja kwetu Septemba mwishoni mwa kusi, na alikua na sababu nyengine, kwamba kutoka Novemba mpaka Aprili vimbunga vinatembea kule Madagaska na Msumbiji, na sisi Lamu tuko nyuzi mbili tu kusini ya ikweta, vimbunga havitufikii huku. Yeye alisoma kwenye ramani na vitabu. Ami alikua anasema tu kwamba Mungu ametupa bahari yenye adabu. Hata Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 ilibidi apewe rubani ndo akaivuka bahari mpaka India, kwahivo elimu ya upepo ilikua huku kabla yoti hazijaja.

Matunzo sitaki kuyazungumza sana, ni kuchosha tu. Siku za bamvua unapandisha chombo mchangani, maji yakitoka kinakaa uchi umekiegemeza kwa magogo, una saa chache za kukwangua chaza, kutia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, mahali pamba imetoka, kupaka shahamu, kabla maji hayajarudi. Yoti ya plastiki nayo inakwanguliwa, inapakwa rangi yake ya sumu ya ghali sana. Ngama, pale chini ya chombo maji yanapokusanyika, inachotwa maji kila siku, ya chombo cha mbao zaidi. Mikono yangu ya 1994 ilikua kama ya mzee.

Nililotaka kusema hasa ni hili. Yule kijana wa gatini sio mjinga na simlaumu. Yeye anajua kuendesha boti ya faiba yenye mashine ya farasi arubaini kuliko mimi, na kwenye mashindano ya majahazi ndo anakaa juu ya ule ubao nje ya chombo kukisawazisha, roho yake haina woga. Lakini hajawahi kulala usiku mmoja chomboni. Fikiria, mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, hali ikaharibika, alafu kuvua usiku kukapigwa marufuku kwa miaka kadhaa, watoto wetu wakakua wanajua bahari ni kitu cha mchana, unaenda saa kumi na mbili unarudi saa kumi na mbili. Kizazi kizima kimeruka usiku. Na usiku ndo darasa, manake mchana kila mtu ni nahodha.

Alafu tanga likabaki la kubebea wageni kutizama jua likizama, mwendo wa saa mbili tu unarudi. Kazi ya halali, inalisha nyumba nyingi Shela na mjini, nami nimeifanya. Lakini saa mbili hazikufundishi kupima maji wala kusikia nanga.

Sisemi tutupe mashine, Mungu apishe mbali. Mama ameshikwa na uchungu wa kuzaa Pate usiku anahitaji boti ya mbio sio mashua inayongojea upepo, na mimi mwenyewe dadangu alifikishwa hospitali hivo. Ninachosema ni kwamba hivi viwili havigombani, na tunaacha kimoja kife mikononi mwetu huku tunakisifu kwa watu wengine. Yoti ikiingia tunasema mashallah, mashua ya babu inaozea Matondoni, kijiji chetu cha mafundi wa vyombo, tunapita tu.

Likizo ndefu ya shule inaangukia Novemba na Disemba, kaskazi ndo inaanza kushika. Sioni kwanini manahodha wetu waliobaki, na wako bado, wasichukue vijana wanne watano kila mmoja, wazazi wakachanga unga na mchele, wakaenda nao mpaka Kiwayu na kurudi, wiki mbili, bila kukimbilia nyumbani kulala. Kwenda ni bisho tupu, upepo uko usoni, watajifunza kungojea umande wa alfajiri, ule upepo mdogo wa kutoka bara, na kupita na maji ndani ya mikoko. Kurudi tanga limejaa watajifunza raha yake. Nimeshaongea na wazee wawili wa Matondoni, mmoja amekubali papo hapo, mwengine ameniuliza nani atalipia kalafati, swali la haki, nalitafutia jibu.

Mimi na mpwa wangu hatungojei. Mashua ya rafiki yangu tumeipata kwa siku kumi na mbili, mapipa mawili nimeyaosha kwa ndimu yako juani yanakauka, na bildi ya ami ninayo, nimeibadilisha kamba tu ile ya zamani ilikua imeoza. Tukijaaliwa tutang'oa nanga siku ya pili baada ya mwezi mwandamo, maji yanajaa alfajiri kwenye saa kumi na moja hivi, tupite Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, kabla hayajaanza kutoka. Kuna nafasi ya kijana mmoja. Yule wa gatini nimemwambia, amesema atamuuliza mamake.