Mama Mkubwa Hakuwa Kiziwi

Kwenye fishi, yaani kadi ya mgonjwa, ya mama yangu mkubwa, iliyojazwa katika kituo kimoja cha afya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna mstari mmoja wa Kifaransa ambao nimeukariri bila kutaka: *N'entend pas du côté gauche*. Hasikii upande wa kushoto. Aliyeuandika hakusema uongo, kwa kuwa mama mkubwa aliyatamka maneno hayo hayo kwa kinywa chake. Lakini masikio yake yalikuwa mazima. Kilichokuwa kimekufa ni mkono.

Alikuwa ameshuka kutoka Walungu siku mbili kabla, akalala kwangu Kadutu. Asubuhi ile nilimpa chai, akaipokea kwa mkono wa kushoto, kikombe kikalala upande, na chai iliyokuwa bado inatoa mvuke ikamwagikia vidole. Hakuuvuta mkono. Aliitazama chai ikichuruzika kati ya vidole vyake hadi kwenye mkeka, ngozi ikianza kuwa nyekundu, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, siko nasikia huku kwa kushoto." Hakuna mtu wa Bukavu, awe amesoma au hakusoma, ambaye angehitaji kuelezwa alikuwa anasema nini.

Tulipofika kituoni, mimi nilibaki dirishani kulipia fishi, naye akaingizwa kwa daktari mgeni aliyekuwa na mkalimani wake, kijana mwenye adabu, mtoto wa mji huu. Niliporudi nilimkuta daktari ameinama na kile kifaa chenye taa, anachungulia ndani ya sikio la kushoto. Mama mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa kwa utii, mkono wake uliolegea ukiwa umelazwa juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine, akiamini kwamba daktari wa mbali anajua njia yake ya kuufikia mkono kupitia sikioni. Dawa ya matone ilikuwa imekwisha kuandikwa, na tarehe ya kurudi ilikuwa baada ya wiki moja. Nikasema kwa Kifaransa kwamba mgonjwa hausikii mkono wake, kwa kitenzi *sentir*, cha kuhisi, na daktari akageuka mara moja, akamwomba anyooshe mikono yote miwili mbele na kufumba macho. Wa kulia ulibaki juu. Wa kushoto ulishuka polepole, bila mwenyewe kujua, mpaka ukagusa goti. Kilikuwa kiharusi, na karibu saa nzima ilikuwa imepotea kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Simlaumu daktari, kwa kuwa alifanyia kazi neno alilopewa. Hata kijana mkalimani simlaumu kama nilivyomlaumu siku ile nikiwa na hasira, kwa maana nimefundisha Kifaransa shuleni kwa miaka kumi na minne na ninajua ni nani aliyemfundisha kutafsiri vile. Ni sisi walimu. Ubaoni tunaandika safu mbili: kuona, *voir*, kula, *manger*, kusikia, *entendre*. Mtoto anakariri, anapata alama zake, na neno lake la nyumbani, alilolitumia tangu anaanza kusema kwa njaa, kwa baridi, kwa harufu na kwa maumivu, linabaki na maana moja tu ambayo ubao umeikubali. Akikua na kukalia kiti cha mkalimani, hatafsiri tena kile alichokisikia kwa mama yake. Anatafsiri ubao.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kwa muda mrefu, kwa kuwa nimechoka kusikia watu wenye elimu wakisema kwamba Kiswahili chetu ni maskini, na kwamba neno moja linalobeba mambo mengi namna hii ni dalili ya lugha isiyopevuka. Hebu tuyatazame mambo yenyewe. Tunasikia wimbo, tunasikia baridi inayopanda kutoka ziwani usiku, tunasikia harufu ya sombe, kisamvu, iliyoshika chini ya sufuria, tunasikia kwamba chumvi imezidi. Tunasikia njaa, usingizi, haya, huruma na uchungu. Mtu anayeielewa lugha ya jirani tunasema anasikia Mashi, au anasikia Kilega. Mtoto mkaidi ni mtoto asiyesikia, na wahenga walikwisha kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wala hawakuwa wanazungumzia ugonjwa wa masikio. Watu wawili wakikubaliana bei sokoni, wamesikilizana. Kila kinachomfikia mtu bila kupitia machoni kina nafasi ndani ya kitenzi hiki, na kutoka hapo kinaendelea mpaka kwenye akili, kwenye utii na kwenye mapatano. Huo ni mpango kamili wa kuugawa ulimwengu, na una akili yake: upande mmoja kuna yale ninayoyaendea kwa macho, upande mwingine kuna yale yanayonijia.

Wala si sisi peke yetu. Anayesema Kinyarwanda ana *kumva*, na kwa *kumva* anasikia sauti, anasikia harufu, anasikia maumivu na anaelewa. Kutoka hapo anapata *kumvira*, kutii, na *kumvikana*, kupatana. Lingala inayo *koyoka*: mwenye njaa anasema *nayoki nzala*, na waliopatana ni wale wa *koyokana*. Ndugu zetu wa Lubumbashi wanaoishi na Kibemba wanayo *ukumfwa*, na ndani yake njaa, sauti na maana vinakaa pamoja vilevile. Ukipanga maneno hayo kwenye mstari mmoja, kusikilizana, *kumvikana*, *koyokana*, utaona lugha tatu ambazo kila moja, kwa kitenzi chake yenyewe, ilifika mahali pale pale: mapatano ni kusikia kwa pande mbili.

Sasa uweke kwenye mstari huo huo *s'entendre*. Mfaransa naye, akitaka kusema watu wamepatana, anasema wamesikiana. Na akitaka kusema hawakuelewana anasema kumetokea *malentendu*, jambo lililosikika vibaya. Kitenzi *entendre*, ambacho leo tunakifundisha kana kwamba kiliumbwa kwa ajili ya sikio, hakikuanza kazi sikioni. Kilatini *intendere*, kilikotoka, ni kunyoosha, kuelekeza, na Wafaransa walikichukua kwa maana ya kuelekeza akili kwenye jambo, kisha kwa muda mrefu kikawa kitenzi cha kuelewa. Kazi ya sikio ilikuwa ya *ouïr*, mtoto wa *audire* ya Kilatini. *Ouïr* ilipochakaa, *entendre* ikairithi kazi hiyo, na leo ya zamani imebaki kwenye vipande kama *ouï-dire*, habari za kusikia. Mhispania hadi leo akisema *entender* anamaanisha kuelewa. Mwitaliano anasema *sentire* kwa sauti, kwa harufu na kwa maumivu, sawasawa na mama mkubwa wa Walungu, na sijasikia mtu akimwambia kwamba lugha yake haijapevuka. Hata *obéir*, kutii, asili yake ni *audire* hiyo hiyo. Mtoto asiyesikia yumo pia ndani ya Kifaransa, ila amefunikwa na vumbi la karne nyingi.

Wataalamu wa lugha wenyewe wamewahi kujikwaa hapa. Kulikuwa na maelezo yaliyokubalika sana, yaliyojengwa juu ya lugha za Ulaya na jamaa zake, kwamba binadamu huchukua maneno ya akili kutoka kwenye macho: kuona ndiko kujua. Mwaka 2000 Nicholas Evans na David Wilkins walionyesha kwamba katika lugha za wenyeji wa Australia ni kusikia kunakokwenda kwenye kujua, kufikiri na kukumbuka, si kuona. Wangeweza kupita huku kwetu Kivu pia.

Wapo wasomaji watakaoniambia kwamba Kiswahili sanifu kinalo neno kuhisi, na kwamba mama mkubwa angesema "sihisi mkono" mambo yangekwisha. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba "kusikia njaa" na "kusikia baridi" si kosa la Wakongomani, ni Kiswahili cha tangu zamani, na huko pwani kwenyewe watu husema pia kuona njaa, kuona baridi na kuona haya, kwa hiyo hakuna aliye na ruhusa ya kutusahihisha katika hilo. La pili ni zito zaidi. Mgonjwa hana wajibu wa kuchagua neno litakalomrahisishia mkalimani. Mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, aliyejifunza Kiswahili sokoni na kanisani, ambaye damu imekwisha kuziba njia kichwani mwake, hawezi kuombwa pia awe mwanafunzi wa sarufi.

Kuna moja ninalolikubali, ingawa linanigharimu. Sentensi yake, ukiitoa kwenye chumba kile na kuiweka peke yake karatasini, inaweza kweli kumaanisha sikio. Hakutaja mkono. Alisema "huku", na "huku" yake ilihitaji macho ya kuona alikokuwa anaelekeza kidevu. Mahakamani pia najua kwamba shahidi akisema "nilisikia ameuawa", lazima aulizwe kama alisikia kilio au alisikia habari, na hakimu ana haki ya kudai hivyo. Lakini dawa ya jambo hilo ni swali moja la ziada, "Wapi, mama? Unisonteshee," ambalo halichukui hata nusu dakika.

Watafsiri wakubwa kuliko sisi wamelipambania jambo hili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, wenzake Paulo njiani kuelekea Dameski waliisikia sauti; katika sura ya 22 Paulo mwenyewe anasimulia kwamba hawakuisikia. Kitenzi cha Kigiriki ni kimoja, *akouo*, na watu wamebishana juu ya aya hizo mbili kwa vizazi, hata baadhi ya tafsiri za kisasa zikaweka katika ile ya pili kwamba hawakuelewa. Nilipokuwa kijana nilimuuliza katekista wetu kuhusu mgongano huo, akanitazama kwa mshangao, akasema: "Walisikia, lakini hawakusikia." Hakuongeza neno. Kwake hapakuwa na mgongano, kwa sababu lugha yake ilikuwa imeshika vyote viwili kwa mkono mmoja, kama Kigiriki.

Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Sina ugomvi na mpango huo hapa. Ninachoomba ni kidogo na hakihitaji bajeti: maneno ya mgonjwa yaandikwe kwanza kwenye fishi kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasemea, na Kifaransa kifuate chini yake. Laiti mstari wa kwanza wa fishi ile ungekuwa "Siko nasikia huku kwa kushoto", kila muuguzi aliyezaliwa katika mji huu angeusoma na kushtuka kabla dawa ya masikio haijafika mkononi mwa mgonjwa. Tafsiri ikikosea, neno la asili lingekuwepo bado, likisubiri mtu wa kulisoma vizuri. Sisi tumezoea kulitupa neno hilo mlangoni na kubaki na tafsiri peke yake, na tafsiri ikishakosea hakuna tena pa kurudi.

Darasani nimebadilisha ubao. Siandiki tena kusikia mbele ya *entendre*. Nawaambia wanafunzi walete kila mmoja sentensi moja ya nyumbani yenye kitenzi hicho, ya bibi, ya kaka, ya mama muuza samaki, kisha tunatafuta Kifaransa cha kila moja peke yake. Kipindi cha kwanza zilikuja sentensi thelathini na moja, na tulihitaji vitenzi tisa vya Kifaransa kuzimaliza. Msichana mmoja alileta "nilimsikia mtoto akicheza tumboni", ya dada yake mkubwa, na darasa zima likanyamaza likitafuta.

Mama mkubwa anatembea sasa, akiuburuta mguu kidogo. Mwezi uliopita nilimsindikiza kwenye mazoezi yake, mahali pengine, kwa muuguzi wa makamo ambaye humgusa vidole kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu iliyofunikwa huku yeye amefumba macho. Alipofika kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, aliuliza: "Mama, huku unasikia?" Mama mkubwa alikaa kimya muda mrefu, uso umekazana. Kisha akasema: "Nasikia, lakini iko mbali." Muuguzi aliinua kalamu, akafikiri, akaanza kuandika kwa Kifaransa, akakikata alichokianza, na chini yake akayaandika maneno hayo kama yalivyo.