Pumba, yurea na bakteria wa mizizi ya mianzi

Desemba inapoingia, wakulima wa mianzi ya lei, aina inayolimwa kwa machipukizi yake yanayoliwa, huko Lin'an, mkoa wa Zhejiang nchini China, hufunika mashamba yao kwa pumba za mpunga. Tandazo huwa nene kiasi cha kuzamisha kiganja chote, na mara nyingi chini yake kuna samadi ya kuku. Vikioza, hutoa joto. Ukifukua asubuhi ya baridi mvuke unakupanda usoni, na ncha za machipukizi zimeshatokeza, ilhali mianzi isiyofunikwa ingali imelala ikisubiri Machi. Machipukizi hayo yanawahi soko la Mwaka Mpya wa Kichina, bei ikiwa juu. Kwa kaya nyingi hilo ndilo pato la mwaka, na siwezi kumlaumu anayelifuata.

Tatizo ni kwamba kazi haiishii kwenye pumba. Kuna mbolea ya viwandani, kutifua udongo, na kufyeka kila kinachoota chini ya mianzi. Ndani ya mizizi wanaishi bakteria, na baadhi yao hunasa naitrojeni ya hewani wakaigeuza chakula cha mmea. Kazi hiyo ni ghali: molekuli 1 ya naitrojeni hula molekuli 16 za ATP, nishati ya seli, inayotokana na sukari ya mmea wenyewe. Yurea, mbolea ya viwandani yenye naitrojeni, ikimwagwa kwa wingi, bakteria huzima kimeng'enya chao cha kunasa naitrojeni, kwani naitrojeni tayari ipo tele. Tena yurea inapogeuka naitreti huacha tindikali. Udongo unachachuka, alumini inayeyuka na kudhuru ncha za mizizi, mahali ambapo bakteria wengi hupata upenyo wa kuingia.

Watetezi wa utunzaji huu husema mzizi huchuja wanaoingia, hivyo mabadiliko ya udongo hayafiki yote ndani. Ni kweli. Hoja yao nzito zaidi ni nyingine: mianzi iliyoachwa haijitunzi. Japani, mianzi ya moso, aina nyingine kubwa, iliyotelekezwa imesongamana, mikavu ikaegemea mibichi, na ikavamia misitu ya jirani.

Kwa hiyo sitetei kuacha. Ninachopinga ni kupima afya ya shamba kwa kuhesabu tu aina za bakteria na kuridhika, maana samadi inaweza hata kuongeza idadi yao. La kuuliza ni nani amebaki na anafanya kazi gani. Wanaonasa naitrojeni wakinyamaza, mkulima anabaki kutegemea mfuko wa mbolea, na kila msimu unadai zaidi. Shamba lililofunikwa miaka mfululizo linajieleza hata bila maabara: mashina ya chini ya ardhi hupanda juu yakifuata joto, na machipukizi hupungua. Wapo wanaofunika mwaka mmoja, wakapumzisha unaofuata, wakaongeza udongo mpya na chokaa. Mwaka wa mapumziko pato linashuka, na hapo ndipo ningependa kuona ruzuku ikielekezwa, kuliko kwenye mbolea.